Kuotesha alizeti za kudumu za prairi kwa mbegu, kuanzia kwenye friji mpaka zitoe maua

Ukimtajia mtu alizeti, moja kwa moja anawaza ile ya mafuta, shina moja nene na kichwa kimoja kikubwa kama sinia, ikishakomaa inakauka na habari yake imeisha. Hiyo ni Helianthus annuus, ndo hiyo jimbo la Kansas waliifanya ua lao rasmi mwaka 1903, na ni ya msimu mmoja tu. Mi hapa naongelea ndugu zake wasiofahamika sana, alizeti za kudumu za prairi, zile mbuga tambarare za nyasi kule katikati ya Marekani, ambazo shina linakauka baridi ikija lakini mizizi inabaki hai chini ya theluji na mwezi wa nne au wa tano inachipua tena, na mwaka unaofuata hivyo hivyo, na kundi linazidi kutanuka.

Kwa nini uhangaike nazo? Prairi ya nyasi ndefu zamani ilikuwa inafunika kama ekari milioni 170 za Amerika Kaskazini, leo imebaki chini ya asilimia 4, na kipande kikubwa kilichosalia kipo Flint Hills, Kansas, sababu pale kuna mawe mengi karibu na juu na plau ilishindwa. Kwingine kote tangu mhunzi John Deere atengeneze plau yake ya chuma kule Illinois mwaka 1837 udongo ule uligeuzwa ukawa mashamba ya mahindi na soya. Kwa hiyo ukiwa na kauwanja kadogo tu Iowa au Illinois au Missouri ukapanda hizi alizeti, unarudisha mmea kwenye udongo ambao ndo ulikuwa kwao, na nyuki wake watakuja, hilo nitalifikia mbele.

Kuotesha kwenyewe si kazi ngumu kabisa. Kazi iko kwenye vitu viwili, kuchagua aina inayolingana na nafasi yako na kuipa mbegu baridi yake, na watu wengi wanaoacha katikati wanakuwa wamekosea kimoja kati ya hivyo viwili, sio kwamba hawana mkono wa kupanda.

Chagua aina kabla hujatoa hela

Alizeti hizi haziko sawa hata kidogo. Kuna zinazokaa mahali pake kwa adabu na kuna zinazotambaa chini kwa chini kwa vishina vyake mpaka baada ya miaka michache zimekula bustani nzima, na pakiti ya mbegu mara nyingi haikwambii hivyo, inakuonyesha picha ya ua la njano basi.

Kama eneo lako ni dogo anza na Helianthus occidentalis. Majani yake karibu yote yanakaa chini yamelala, alafu shina linapanda juu karibu tupu, sentimita 60 mpaka 120, na juu kuna maua madogo ya njano iliyokolea. Inapenda udongo wa kichanga mkavu na inatanuka taratibu. Kwangu mimi hii ndo bora kwa bustani ya nyumbani na sijui kwa nini watu hawaipandi zaidi.

Helianthus mollis urefu wake ni karibu huo huo ila majani ni ya kijivu, yana manyoya laini pande zote, yanakaa mawili mawili yakikumbatia shina, ukiligusa jani moja utaelewa kwa nini watu wanaipenda hata kabla haijatoa ua. Lakini hii inatengeneza kundi zito na inatoa kemikali zinazozuia mimea mingine kuota karibu nayo, kwa hiyo usiipande katikati ya vitu vidogo unavyovipenda, ipe kona yake. Helianthus pauciflorus, ambayo kwenye orodha za zamani utaikuta inaitwa Helianthus rigidus, ina kitovu cha ua cha rangi ya zambarau iliyoiva karibu na kahawia, inavumilia ukame vizuri sana, na yenyewe pia inatambaa.

Ukiwa na nafasi, Helianthus maximiliani ndo yenyewe. Imepewa jina la mwanamfalme wa Kijerumani, Maximilian wa Wied, aliyesafiri maeneo yale miaka ya 1832 mpaka 1834. Inafika mita 2, hata 3 kwenye udongo mzuri, majani yake membamba yamejikunja kidogo kwa urefu, na maua hayakai juu tu, yanapanga mstari kwenye shina kuanzia katikati mpaka kileleni. Inachanua mwezi wa 9 na wa 10, wakati mimea mingi imeshachoka. Helianthus grosseserratus nayo ni ndefu kupita zote nilizotaja, mita 3 hadi 4, inapenda unyevu, na mi nasema wazi kama huna shamba usiiguse, utaifukuza kila mwaka. Helianthus tuberosus, ile yenye viazi vinavyoliwa, ni hivyo hivyo, kipande kidogo cha kiazi kikibaki kwenye udongo kinaota upya.

Kuna mtego mmoja kwenye kununua. Helianthus petiolaris kwa Kiingereza inaitwa kabisa alizeti ya prairi, na ni ya asili kule kweli, lakini ni ya mwaka mmoja, kwa hiyo soma jina la kisayansi kwenye pakiti sio jina la juu. Na kama ndo mara yako ya kwanza kabisa kuotesha mimea ya prairi, kuna ndugu wa mbali anaitwa Heliopsis helianthoides, sio alizeti halisi lakini ua linafanana sana, anaota kirahisi, anachanua mapema kuanzia mwezi wa 6, na anakaa kwenye shina lake hatambai. Huyo anakupa moyo wakati unasubiri wengine.

Mbegu zenyewe

Nunua kwa wauzaji wa mimea ya asili ambao wanasema mbegu zimetoka jimbo gani. Sio mbwembwe, alizeti iliyotoka Texas ikipandwa Minnesota inaweza kuchelewa kuchanua mpaka barafu inaikuta, hata kama ni aina ile ile moja. Mchanganyiko wa maua ya porini unaouzwa bila kusema ndani kuna nini, achana nao.

Kuokota mwenyewe inawezekana ila omba ruhusa ya mwenye ardhi, na kwenye hifadhi za taifa na hifadhi nyingi za majimbo ni marufuku. Mwezi wa 10 vichwa vikishakuwa kahawia na vikavu, kata vichache tu kutoka kila kundi, na hapa kuna jambo la muhimu ambalo wengi hawalijui. Alizeti nyingi za kudumu haziwezi kujichavusha zenyewe, lazima chavua itoke kwa mmea mwingine wenye damu tofauti. Sasa kundi kubwa unaloliona pembeni ya barabara lenye mashina 200 linaweza kuwa ni mmea mmoja tu uliotambaa, na kama hakuna mwenzake karibu, kichwa kizima kitakuwa na maganda matupu. Kwa hiyo okota kwenye makundi yaliyo mbalimbali, alafu pima. Mwaga mbegu kwenye karatasi nyeupe, utaona vimbegu vyembamba vya kahawia au vya kijivu vyenye madoa, vidogo kuliko punje ya mchele, bonyeza kimoja kwa ukucha. Iliyojaa inakuwa ngumu, na ukiipasua ndani kuna kiini cheupe chenye mafuta kidogo. Tupu inalala bapa papo hapo. Ukibonyeza 10 ukapata 3 nzuri, basi unajua usie kwa wingi.

Zianike kivulini kwenye hewa wiki moja au mbili, ziweke kwenye bahasha ya karatasi, andika jina na mwaka, sehemu kavu yenye ubaridi.

Baridi, tena yenye unyevu

Hii ndo hatua inayoamua kila kitu. Mbegu inaanguka mwezi wa 10 wakati udongo bado una joto kidogo na mvua ipo, sasa ingekuwa inaota hapo hapo, mche ungekutana na baridi kali ya mwezi wa 12 na kufa. Kwa hiyo imejiwekea kizuizi ndani, na hicho kizuizi kinalegea taratibu mbegu ikikaa kwenye baridi huku ina maji ndani yake. Angalia hapo, baridi na maji kwa pamoja. Pakiti iliyokaa friji mwaka mzima ikiwa kavu imehifadhika vizuri lakini bado imelala, na ndo maana mtu anasema nimeweka kwenye friji na hazikuota.

Njia rahisi kuliko zote ni kuiachia baridi ya nje ifanye. Subiri mpaka mwezi wa 11 mwishoni au wa 12, udongo ukishapoa sawasawa, safisha eneo libaki udongo mtupu, tawanya mbegu, zikanyage kwa viatu ili zigusane na udongo, usizifukie sana, nusu sentimita inatosha. Kuganda na kuyeyuka kwa udongo kutazishusha zenyewe. Shida ni panya na ndege, wanazijua hizi mbegu kuliko wewe, kwa hiyo eneo dogo lifunike na waya wenye matundu madogo mpaka mwezi wa 4.

Kama mbegu zako ni chache usizimwage nje hivyo. Chukua dumu la maziwa la plastiki linalopitisha mwanga, toboa matundu chini, likate katikati kuzunguka ila acha kipande kidogo upande mmoja liwe kama mlango, weka udongo wa kuoteshea sentimita 10, mwagia maji, sia mbegu, funga na utepe wa gundi, mfuniko wa juu utoe kabisa ili mvua na theluji viingie, alafu liweke nje mwezi wa 1 upande usio na upepo mkali na usahau. Panya haingii na ndege hafiki, na mwezi wa 4 jua likianza kupasha, miche inatoka yenyewe kwa wakati wake, tena imeshazoea hali ya nje. Mi hii njia naipenda kuliko friji.

Friji ni kwa aliyechelewa au anayetaka kupanga tarehe. Chukua mchanga msafi au vemikulaiti (punje nyepesi za madini zinazoshika maji), lowesha, minya kwa mkono, maji yasidondoke ila ubaki na ubichi mkononi. Changanya na mbegu ndani ya mfuko wa zipu, mchanga uwe kama mara tatu ya mbegu, andika jina na tarehe ya kutoa, weka rafu ya kawaida ya friji, digrii 1 mpaka 5, sio kwenye freeza. Siku 30 zinatosha kwa aina nyingi, lakini kwa grosseserratus na kwa mbegu ulizookota mwenyewe porini mi ningekwambia nenda mpaka 60, siku za ziada hazidhuru. Kila wiki fungua uangalie, ukiona ukungu mweupe toa mbegu, suuza, weka mchanga mpya, na ukiona kimzizi cheupe kimechomoza toa zote siku hiyo hiyo ukasie. Hesabu kwa kurudi nyuma, kama unataka kusia mwanzoni mwa mwezi wa 4 na mbegu zinahitaji siku 60 basi mfuko uingie friji mwezi wa 2 mwanzoni.

Kusia na kutunza miche

Tumia trei zenye vyumba virefu, sio vile vifupi vya mchicha, sababu alizeti hizi zinashusha mzizi haraka kuliko zinavyopandisha jani. Mbegu 2 au 3 kila chumba, funika milimita 5, udongo uwe na unyevu, joto la digrii 20 mpaka 24. Za kwanza zitatoka ndani ya wiki moja, za mwisho zinaweza kuchukua wiki tatu, usimwage trei mapema kwa sababu nusu hazijaonekana.

Mche unatoka na majani mawili ya mwanzo manene, laini, ya mviringo, hayo ni ya akiba tu. Linalofuata ndo jani halisi na utalijua kwa kidole, linakwaruza kidogo. Hapo ukiwa na miche mitatu kwenye chumba kimoja kata miwili kwa mkasi, usiing'oe maana utavuruga mizizi ya unayemtaka.

Adui wa kipindi hiki ni ugonjwa wa kinyausi, shina linakuwa jembamba pale linapogusa udongo alafu mche unalala, ukiona mmoja leo kesho unaona kumi. Unakuja na maji mengi na hewa iliyosimama. Mwagilia kwa chini, weka trei kwenye sinia la maji dakika 20 alafu toa, acha sehemu ya juu ikauke kidogo kabla ya kurudia, na kafeni kadogo kakipuliza taratibu kanasaidia kuliko dawa. Taa ziwe karibu, sentimita 5 mpaka 10 juu ya miche, ukiziweka mbali miche inarefuka na kulegea.

Ikiwa na jozi mbili au tatu za majani halisi izoeshe nje, siku ya kwanza saa moja au mbili kivulini, unaongeza kila siku, ndani ya siku 7 mpaka 10 inakaa jua kutwa. Panda ardhini baada ya baridi ya mwisho kupita, Missouri na Kansas kwa kawaida ni katikati au mwisho wa mwezi wa 4, kaskazini mwa Minnesota na Wisconsin inaweza kufika mwisho wa mwezi wa 5.

Eneo liwe na jua masaa 6 kwenda juu. Mbolea usiweke, wala samadi, wala mboji nyingi, mmea ukishiba unarefuka haraka unalegea na mwezi wa 9 mvua ikinyesha na upepo wote unalala chini. Kilicho muhimu kuliko mbolea ni kuua nyasi za zamani kabla ya kupanda, funika na maboksi yaliyofunguliwa au plastiki kwa msimu mzima wa joto kama unaweza, sababu mche wa alizeti ya kudumu mwaka wa kwanza hauna nguvu ya kugombana na majani ya uwanjani. Nafasi ni sentimita 45 mpaka 60 kwa zile fupi, 90 kwa maximiliani. Mwaka huo wa kwanza tu, kama wiki imepita bila mvua, mwagilia vizuri mara moja mpaka maji yashuke chini, sio kunyunyizia kila jioni.

Sungura wanazipenda mno, zungushia kila mche waya mpaka ufike magotini. Sota, kiwavi wa kwenye udongo, naye anakata shina usiku usawa wa udongo, kikombe cha karatasi kilichokatwa kitako ukikivisha mche na kukizamisha sentimita 2 kinamzuia.

Kama unasia eneo kubwa moja kwa moja pamoja na mimea mingine ya prairi, weka alizeti kidogo sana kwenye mchanganyiko, kidogo kuliko unavyodhani, na ongeza nyasi za asili kama Schizachyrium scoparium na Andropogon gerardii zenye mizizi ya kushindana nazo. Bila nyasi, baada ya miaka mitano unaweza kukuta una alizeti tupu. Mwaka huo wa kwanza kata magugu kwa mashine ikiwa juu, sentimita 15 hadi 20, miche yako iko chini ya hapo haitaguswa na itapata mwanga.

Mwaka wa pili kuendelea

Mwaka wa kwanza utaona majani tu yamekaa chini, pengine maximiliani mmoja mmoja anatoa ua mwishoni. Ni kawaida, anajenga chini. Mwaka wa pili au wa tatu ndo mambo yanaanza, na hapo nakuomba ukae karibu na ua moja asubuhi jua likishapanda uangalie. Utaona nyuki wa Melissodes agilis, dume ana papasi (vile vipembe vya kichwani) ndefu kupita kiasi, jike miguu ya nyuma ina manyoya mengi yamejaa chavua ya njano. Kuna mwingine Andrena helianthi ambaye anakusanya chavua ya alizeti na watoto wake wanalelewa nayo, bila alizeti yeye hana maisha pale. Viwavi vya kipepeo Chlosyne gorgone vinakula majani, viache, mmea hautakufa. Vichwa vikikomaa vinakuja vindege vya njano vya goldfinch kudonoa mbegu, kwa hiyo usikate maua yaliyokauka.

Ukikuta vichwa vimeinama vinaning'inia kwa uzi, kama mtu kavikata kwa wembe, huyo ni fukusi anayekata shina la ua alafu anataga kwenye kichwa. Okota vichwa hivyo, hata vilivyodondoka, vitumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni, basi, dawa ya kupuliza itaua na nyuki. Ubwiriunga, ule unga mweupe kwenye majani mwishoni mwa kiangazi, ni sura mbaya tu, haudhuru kitu.

Kama maximiliani inakuzidi urefu, mwanzoni mwa mwezi wa 6 ikate theluthi moja au hata nusu, itatoa matawi, itachanua ikiwa fupi na haitalala, inachelewa kidogo tu. Mashina makavu yaache yasimame baridi yote, mwezi wa 3 mwishoni au wa 4 yakate ukibakiza sentimita 30 mpaka 45, kuna nyuki wadogo wanaotaga ndani ya mashina matupu.

Majirani na serikali za mitaa wakati mwingine wanaona mimea mirefu ni uchafu. Minnesota tangu mwaka 2023 sheria ya jimbo inailazimisha miji iruhusu bustani za mimea ya asili zinazotunzwa, kwingine inategemea mji na mji, kwa hiyo soma kanuni za kwenu kuhusu urefu wa mimea kabla hujapanda mbele ya nyumba, na upande wa barabara weka zile fupi na ukingo uliofyekwa safi, watu wakiona mpaka ulionyooka wanaelewa kwamba pana mtu anayepatunza.

Alafu kila mwaka mwezi wa 4 vichipukizi vikiwa vimetoka kidole kimoja juu ya udongo, zunguka kundi lako na sepetu kali, kata chini kwenye mpaka uliouweka, ng'oa vilivyo nje pamoja na kishina chake cheupe. Hivyo vipande vinaota vizuri sana, vifunge kwenye gazeti bichi umpe mtu mwenye nafasi, ila usimpe kabla hujamwambia hiyo ni aina gani na inatambaa kiasi gani.